Barafu ya bahari ikipungua, ndege wa ncha za dunia wanashiba au wanakufa njaa?

*"Shikamoo mtaalamu. Msimu ujao naanza kazi ya jikoni kwenye meli ya watalii inayokwenda Rasi ya Antaktika, kuanzia Novemba hadi Machi. Nimekuwa nikisoma habari za ndege wa huko na nimechanganyikiwa. Makala moja inasema pengwini wanakufa njaa kwa sababu barafu ya bahari inayeyuka. Nyingine inasema kuna mahali barafu ilitoweka na pengwini wakanenepa, makinda yakawa mengi. Ipi ni ya kweli? Kwanza hata sielewi wanapataje chakula kwenye maji yaliyofunikwa na barafu. Akili yangu inaniambia barafu ikipungua, maji ya kuvulia yanaongezeka. Nakosea? Na la mwisho: nikiona pengwini amesimama peke yake siku nzima, hali chochote, hasogei, au ndege wanaoifuata meli kwa njaa, nikiwatupia mabaki ya samaki nitakuwa nimefanya vibaya?"*

Marahaba, na hongera kwa kazi mpya. Swali lako la mwisho ndilo utakalokutana nalo kazini, kwa hiyo nalijibu kwanza: usiwatupie ndege chochote, hata kichwa cha samaki. Sababu zipo na nitazieleza nikifika huko. Lakini ili zikuingie vizuri, inabidi kwanza tuelewane kuhusu barafu.

Makala zote mbili ulizosoma zinasema kweli. Zimekuchanganya kwa kuwa kila moja imezungumzia mahali pake na mwaka wake, halafu ikamwacha msomaji adhani ndivyo ilivyo kote. Barafu ya bahari huwalisha ndege hawa, na hiyo hiyo huweza kuwafungia mlango. Ukitaka kujua katika mwaka fulani imefanya lipi, usiishie kuuliza ni kilomita ngapi za barafu zimebaki. Uliza mzazi akitoka kwenye kiota anakwenda kupata chakula wapi, anarudi baada ya saa ngapi, na kinda anaweza kumsubiri muda gani. Karibu kila habari njema na kila msiba wa ndege hawa unaeleweka ukishika hayo matatu.

Sasa hilo la chakula chini ya barafu. Maji ya bahari huganda yakifika takriban nyuzi 1.8 za selsiasi chini ya sifuri. Yanapoganda, chumvi nyingi husukumwa nje, na inayobaki hukusanyika kwenye vijishimo na vinjia vyembamba ndani ya barafu. Humo, na zaidi upande wa chini unaogusana na maji, huota mwani mdogo sana. Mmoja mmoja hauonekani kwa macho, lakini ukiwa mwingi huitia barafu rangi. Utaiona mwenyewe: meli ikipita katikati ya vipande vya barafu na kimoja kikapinduka, tazama upande uliokuwa chini. Ule ukahawia kama wa chai nzito si uchafu. Ni shamba. Krili wachanga, hao viumbe wanaofanana na kamba wadogo ambao karibu kila mnyama wa huko anawategemea, huishi kwa kukwangua mwani huo majira ya baridi, wakati maji ya chini hayana cha maana cha kula. Krili wa Antaktika hukua hadi sentimita 6 hivi na huishi miaka 5 hadi 6. Kwa hiyo majira ya baridi yenye barafu nzuri, au mbaya, huja kuonekana kwenye matumbo ya pengwini hata miaka miwili mitatu baadaye.

Jua likirudi, barafu huanza kuyeyuka, na hapo ndipo akili yako inapopatia nusu. Maji yanayotoka kwenye barafu yana chumvi kidogo, ni mepesi, hivyo hukaa juu ya maji mazito ya bahari. Mwani uliomo kwenye tabaka hilo hauzami gizani. Unabaki kwenye mwanga mchana kutwa, na madini ya chuma yaliyokuwa yamenaswa ndani ya barafu yanaurutubisha. Ukingo wa barafu unachemka uhai: mwani, krili wanaoula mwani, samaki wanaowala krili, kisha ndege, sili na nyangumi. Kuyeyuka huko kwa kila mwaka ni sehemu ya maisha yao. Barafu ya Antaktika hutanuka hadi kilomita za mraba milioni 18 au 19 mwezi Septemba na kusinyaa hadi milioni 2 au 3 mwezi Februari. Kinacholeta shida ni kuyeyuka mapema kuliko kawaida, kuchelewa kuliko kawaida, au kutokuwepo kabisa barafu ambayo ingeyeyuka. Februari 2023 ilibaki takriban milioni 1.8, kiwango cha chini kuliko chochote kilichopimwa kwa setilaiti hadi wakati huo.

Ndege wenyewe wanakipataje chakula? Hapa wengi hudhani wote hutumia macho tu. Ndege wa baharini waitwao petreli na jamaa zao hutumia pua. Mwani ukiliwa na krili, hutoa gesi iitwayo dimethili salfidi, ambayo ni sehemu ya ile tunayoiita harufu ya bahari. Mwaka 1995 Gabrielle Nevitt na wenzake walionyesha kuwa baadhi ya ndege wa jamii ya petreli huifuata harufu hiyo. Nayo inawaambia jambo lenye faida: hapa mwani unaliwa, maana yake walaji wapo. Ndege huruka akikatiza upepo, akiinusa hugeuka na kuufuata kuelekea unakotoka, na akishafika karibu ndipo macho yanaposhika kazi. Petreli wa theluji, yule mweupe mzima mwenye macho meusi, huishi hivyo katikati ya vipande vya barafu na mara chache humkuta mbali nayo. Tena kuna macho ya kutazamana. Ndege akishaanza kujitupa majini, walio mbali huona mabawa meupe yakishuka na hukimbilia hapo. Ukiona kundi limejaa ghafla mahali palipokuwa patupu, ndivyo lilivyojazana.

Pengwini huwinda kwa macho zaidi. Kamera ndogo zilizofungwa mgongoni mwa pengwini wa Adélie zimeonyesha kwamba akiwa ndani ya kundi nene la krili anaweza kuwadaka wawili kwa sekunde moja, kwa kurusha kichwa tu huku akiogelea. Ulimi na kaakaa vimejaa miiba laini iliyoelekea kooni, hivyo krili akishaingia harudi nje. Pengwini kaisari, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote, ana mbinu ninayoipenda sana. Kuna samaki wanaojificha kwenye fuwele za barafu, wamebanana chini kabisa ya dari. Kaisari huzama kwanza mita kadhaa, kisha hutazama juu. Barafu inayopitisha mwanga inakuwa kama karatasi nyeupe, na samaki anaonekana kama doa jeusi juu yake. Hupanda, humdaka, hushuka tena, na kurudia mara kadhaa kabla ya kwenda kwenye tundu la kupumulia. Lakini hiyo siyo mbinu yake pekee. Huzama pia mamia ya mita kufuata samaki na ngisi, na kina kirefu kilichopimwa kwake kinazidi mita 500.

Sasa rudi kwenye makala zako.

Ile ya pengwini walionenepa bila shaka inatokana na kazi iliyochapishwa mwaka 2020 na watafiti wa Japani waliofuatilia pengwini wa Adélie eneo la Langhovde, mashariki mwa Antaktika. Kwa misimu kadhaa waliwafunga vipimo vya mahali, vya mwendo na vya video. Huko kwa kawaida barafu imeshikamana na nchi kavu hata majira ya kiangazi, na pengwini hulazimika kutembea juu yake wakitafuta ufa wa kuzamia. Msimu wa 2016 na 2017 barafu ile ilivunjika na kuondoka. Pengwini wakaacha kutembea, wakaogelea. Wakaenda mbali zaidi kwa muda mfupi zaidi, wakapata krili wengi zaidi, na makinda yakakua vizuri.

Piga hesabu uone. Pengwini wa Adélie hutembea takriban kilomita 2.5 kwa saa na huogelea kama 7.5. Chakula kikiwa kilomita 40 kutoka kwenye kiota, kutembea ni saa 16 kwenda tu. Kuogelea ni saa tano na dakika 20. Na tofauti hiyo haiishii kwenye uchovu. Krili walio tumboni mwa mzazi wanaendelea kumeng'enywa njiani, kwa hiyo kadiri safari inavyorefuka ndivyo anavyofika na kidogo cha kutapikia makinda. Katika wiki tatu za kwanza mzazi mmoja lazima abaki kulinda makinda, maana ndege wakubwa wanaoitwa skua huwavizia. Kwa hiyo aliyeko nyumbani hali, makinda hayali, na wote wanamsubiri mmoja aliyeko njiani. Akichelewa kupita kiasi, mlinzi mwenyewe huishiwa akiba ya mafuta na kuondoka.

Hicho ndicho kilichotokea upande wa pili wa hesabu hiyo, kwenye Nchi ya Adélie, karibu na kituo cha Ufaransa cha Dumont d'Urville. Msimu wa 2013 na 2014 jozi zaidi ya 20,000 za pengwini wa Adélie hazikukuza kinda hata mmoja. Barafu haikuwa imepungua. Ilikuwa imezidi na kukaa mbele ya makazi yao, wazazi wakawa na safari ndefu mno. Juu ya hilo ikanyesha mvua, kitu kigeni kwa makinda yenye manyoya ya kitoto yasiyozuia maji. Yaliloa, kisha baridi ikarudi. Msimu wa 2016 na 2017 msiba ulijirudia, na kati ya jozi kama 18,000 walipona makinda wawili tu. Mtu akisoma habari hiyo juu juu atadhani ni njaa iliyoletwa na kuyeyuka. Eneo lile lilikuwa limevurugika tangu ulimi wa barafu wa Mertz, yaani barafu ya nchi kavu iliyojitokeza hadi baharini, ulipokatika Februari 2010, na mpangilio wa barafu ya jirani ukabadilika.

Kwa pengwini kaisari mambo ni mengine, na hapa ndipo nakuomba usome taratibu, kwa sababu makala nyingi huwachanganya hao wawili. Adélie hujenga kiota cha vijiwe juu ya nchi kavu. Kaisari huzalia juu ya barafu ya bahari yenyewe, iliyoshikamana na pwani. Yai hutagwa Mei au Juni, dume hulilalia miguuni kwa siku 65 hivi katikati ya baridi kali, na makinda hayawi tayari kuingia majini hadi Desemba au baadaye. Kwake barafu ni sakafu ya nyumba. Ikivunjika Novemba, haijalishi bahari ya jirani imejaa samaki kiasi gani. Makinda huanguka kwenye maji yakiwa na manyoya yasiyozuia maji. Mwaka 2022, kwenye Bahari ya Bellingshausen, picha za setilaiti zilionyesha barafu imetoweka chini ya makazi manne kati ya matano kabla ya makinda kukomaa. Makazi hayo hujulikana kwa madoa ya kinyesi yanayoonekana kutoka angani, na madoa yakatoweka pamoja na barafu. Huko Halley Bay nako barafu ilivunjika mapema mwaka 2016, na kwa miaka mitatu mfululizo karibu hakukuwa na makinda.

Unakokwenda wewe, Rasi ya Antaktika, utaona sura ya tatu. Upande wa magharibi wa rasi ndiko joto lilikopanda kwa kasi sana katika nusu ya pili ya karne iliyopita, na msimu wa barafu ukafupika. Kwenye visiwa vya karibu na kituo cha Palmer, Adélie walikuwa kama jozi 15,000 katikati ya miaka ya 1970; tangu hapo wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Wakati huo huo pengwini gentu, mwenye mdomo wa rangi ya chungwa na baka jeupe juu ya jicho, wameongezeka na kusogea kusini. Gentu huvua karibu na pwani, hula krili na samaki, na akiharibikiwa na mayai mapema anaweza kutaga tena. Adélie hana uhuru huo. Kiangazi chake ni kifupi na ratiba yake imebana. Lakini usiseme Adélie wanaisha kote. Upande wa pili wa rasi hiyo hiyo, kwenye Visiwa vya Danger ambako barafu bado ni nzito, hesabu iliyotolewa mwaka 2018 ilikuta jozi 751,527. Ukisafiri siku mbili unaweza kuona makazi yaliyobaki magofu ya vijiwe na makazi yaliyofurika, na yote mawili ni ukweli wa leo.

Umeniuliza kuhusu kusini, ila nikupe na mifano ya kaskazini, kwa sababu kule kunaonyesha wazi kitu ambacho pengwini hawakionyeshi: ndege anaweza kupata chakula kingi na bado kinda akafa, kama chakula chenyewe si kile. Kwenye kisiwa cha Cooper, Alaska, George Divoky amewafuatilia gilemoti weusi tangu mwaka 1975. Ndege hawa hubeba samaki mmoja mmoja mdomoni, na kwa miaka mingi walileta chewa wa Aktiki, samaki mwenye mafuta anayeishi chini ya barafu. Barafu ilipoanza kurudi nyuma mbali na kisiwa wakati makinda bado yako kwenye viota, wazazi walirudi na samaki wa pwani wenye vichwa vikubwa vya mifupa na miiba. Fikiria ndege aliyefunga safari nzima kwa mzigo wa samaki mmoja, halafu samaki huyo hamezeki. Kinda humrudisha, hujaribu tena, hulala njaa akiwa na chakula pembeni yake.

Mwingine ni auki mdogo, ndege wa gramu 160 hivi anayeishi kwa kula kopepodi, vijidudu vya baharini visivyozidi milimita chache. Anahitaji kama 60,000 kwa siku. Watafiti walikadiria ni sita kwa kila sekunde anayokuwa chini ya maji. Kwa ndege wa aina hii, kopepodi wa maji ya baridi mwenye mafuta mengi akibadilishwa na yule mdogo wa maji ya Atlantiki, hesabu haitoshi hata siku ingekuwa na saa 30. Hata hivyo kwenye visiwa vya Franz Josef, barafu ya bahari ilipotoweka karibu na makazi yao, auki waligundua mstari mwingine wa chakula: pale maji yanayotoka kwenye mito ya barafu yanapokutana na maji ya bahari, vijidudu huduwaa kwa mshtuko wa baridi na upungufu wa chumvi, na ni rahisi kuvikamata. Makinda yakaendelea kukua. Wazazi wenyewe wakapungua uzito kidogo. Nakuomba uikumbuke hiyo kila unapoona kichwa cha habari kinachosema ndege "wamezoea" mabadiliko. Mara nyingi wamezoea kwa kutumia akiba ya miili yao, na ndege wa bahari huishi miaka mingi, hivyo deni hilo linaweza kuchelewa kuonekana.

Basi jibu la swali lako kuu: barafu ikipungua kidogo mahali palipokuwa pamefungwa, ndege wanaozalia nchi kavu wanaweza kufaidika kwa msimu au misimu kadhaa, kwa kuwa njia imefupika. Ikiendelea kupungua hadi shamba la mwani la majira ya baridi linatoweka, krili wachanga wanapungua na faida ile inaliwa. Kwa pengwini kaisari hakuna hatua ya faida pale sakafu inapovunjika kabla ya wakati. Mimi sioni sababu ya kumtuliza mtu kwa mfano wa Langhovde. Ni mfano wa kweli, lakini ni wa mahali palipokuwa na barafu ya ziada.

Sasa tuje melini.

Pengwini aliyesimama siku nzima bila kula, hasa Februari na Machi, karibu kila mara anabadilisha manyoya. Utamwona amevimba, manyoya ya zamani yamechomoza kama pamba iliyochanika, mengine yamezagaa miguuni kwake. Pengwini hubadilisha yote kwa mpigo, na kwa wiki mbili tatu, kaisari hata mwezi, ngozi yake haizuii maji. Hawezi kuingia baharini, kwa hiyo hali. Alijinenepesha kabla kwa ajili hiyo, na kazi yake sasa ni kusimama bila kupoteza nguvu. Ukimsogelea akakimbia, umemtumia mafuta ambayo hana pa kuyarudishia. Ukimsukuma hadi majini, umemuua. Kaa angalau mita 5, zaidi kama kiongozi wenu ameamuru, na akigeuza kichwa kukutazama rudi nyuma.

Ndege wanaoifuata meli hawafuati kwa sababu wanakufa njaa. Meli husukuma hewa juu, nao huipanda bila kupiga bawa. Tena rafadha huvuruga maji na kuleta viumbe juu. Hao petreli wenye madoadoa na albatrosi wanaweza kukufuata siku nzima kwa gharama ndogo kabisa.

Mabaki ya jikoni ni suala la sheria kabla ya kuwa suala la huruma, na kwa kazi yako utalazimika kulijua. Kwenye bahari ya Antaktika mabaki ya chakula hayaruhusiwi kumwagwa hadi yasagwe yapite kwenye tundu la milimita 25, meli ikiwa zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, kutoka rafu ya barafu (ile barafu nene ya nchi kavu inayoelea baharini) na kutoka barafu ya bahari iliyoshikamana na pwani, na kamwe yasimwagwe juu ya barafu. Kuku na ndege wa kufugwa wana sharti kali zaidi: mabaki yao hayamwagwi kabisa bila kuua vijidudu kwanza, kwa sababu mfupa mmoja wa kuku unaweza kubeba ugonjwa ambao ndege wa huko hawana kinga nao. Kwa hiyo tenga ndoo ya mabaki ya kuku na maganda ya mayai mbali na nyingine tangu kwenye meza ya kukatia, si baadaye kwenye pipa; zikishachanganyika, pipa zima linahesabiwa kama kuku. Usiache ndoo wazi sitahani hata kwa dakika ya kuvuta hewa. Skua huiona kabla yako. Na samaki wako wa kutupa? Skua na petreli wakubwa ndio watakaomchukua, na hao ndio wanaokula mayai na makinda ya wengine. Utakuwa umewalisha wawindaji karibu na makazi ya kuzalia.

Kitu kingine ambacho jikoni linaweza kusaidia kweli ni taa. Usiku wenye ukungu, petreli wadogo huvutwa na mwanga na kujigonga kwenye meli. Shusha mapazia ya madirisha yote jikoni na kwenye ukumbi wa chakula mara giza linapoingia, na uzime taa ya mlango wa nje. Asubuhi ukimkuta ndege sitahani, usimshike na usimrushe baharini. Akiwa ameloa au amepakwa mafuta ya sitaha atazama. Zuia watu wasipite hapo, kisha mwite mtu wa timu ya msafara aliyefundishwa.

Usimshike kwa sababu nyingine pia. Homa ya mafua ya ndege aina ya H5N1 ilithibitishwa Georgia Kusini Oktoba 2023 na kwenye bara la Antaktika Februari 2024, kwanza kwa skua. Dalili ni ndege anayetetemeka, anayepinda shingo, anayeyumba au kushindwa kusimama, anayepumua kwa shida. Huyo ni tofauti na yule wa manyoya aliyesimama wima na macho angavu. Ukiona dalili hizo, au mizoga kadhaa pamoja, usiende karibu kupiga picha. Mwambie kiongozi wa msafara papo hapo, pamoja na saa, mahali na idadi, ili asiwashushe abiria hapo. Ukishuka nchi kavu, usikae wala kupiga magoti kwenye theluji, usiweke begi chini, na viatu vyako vioshwe kwa dawa kabla na baada.

Kama umegusa ndege mgonjwa au kinyesi chake, nenda kwa daktari wa meli siku hiyo hiyo hata kama hujisikii vibaya. Na ndani ya siku 10 zinazofuata, ukipata homa, kikohozi, koo kuuma au macho mekundu, usiingie jikoni. Piga simu kwa daktari ukiwa kwenye chumba chako, umweleze uligusa nini na lini, usubiri aje kwako.